Ukitundika daluga Kigoma au Tabora: njia tatu za kuingia kwenye ukocha

Mchezaji wa Kigoma au Tabora anayekaribia kutundika daluga hana tena sababu ya kuamini kwamba ukocha ni kazi ya watu wa Dar es Salaam. Msimu wa 2023/24 mikoa yote miwili ilikuwa na timu Ligi Kuu: Mashujaa wa Kigoma, waliopanda kwa kuishusha Mbeya City kwenye mechi za mtoano, na Tabora United, ambao awali walijulikana kama Kitayosce. Aprili 2024 Mashujaa waliitoa Simba kwa penalti kwenye Kombe la Shirikisho la hapa nchini, palepale kwenye uwanja wao wa Lake Tanganyika. Novemba mwaka huohuo Tabora United wakaenda Chamazi wakaifunga Yanga 3-1. Chini ya timu hizo kuna madaraja ya chini, ligi ya mkoa, ndondo zisizohesabika na mpira wa shule. Mabenchi yapo. Kinachowasumbua wengi ni waanzie lipi.

Njia zinazobishaniwa vijiweni ni tatu. Ya kwanza ni kukabidhiwa timu moja kwa moja, wakati mwingine hata kabla hujaacha kucheza. Ya pili ni kukaa pembeni ya kocha mzoefu kama msaidizi. Ya tatu ni kushuka kwa vijana. Zote tatu zimetoa makocha wakubwa, na zote tatu zimewaangusha watu waliokuwa hodari uwanjani. Kwa hiyo kuuliza ipi ni bora kuliko zote hakukufikishi mbali. Uliza ipi inakufaa wewe, kwa umri wako, mfuko wako na jinsi wachezaji wa mji wako wanavyokujua.

Vipimo vinne

Cha kwanza ni leseni. Shirikisho la soka Afrika (CAF) lina ngazi zake: D, C, B, A, na Pro juu kabisa. Unapata moja, unaifanyia kazi, ndipo unaomba inayofuata. Jina halikusaidii hapa. Mwaka 2014 Zinedine Zidane, bingwa wa dunia wa 1998, alipewa adhabu ya kufungiwa miezi 3 nchini Hispania kwa kuiongoza Real Madrid Castilla bila leseni inayotakiwa, ingawa adhabu hiyo ilisimamishwa baadaye. Huku kwetu, mwaka 2021 Didier Gomes wa Simba alikwama kukaa benchi kwenye michuano ya CAF kwa sababu hiyohiyo ya leseni. Mtu wa Kigoma ana mzigo wa ziada: kozi za ngazi za juu mara nyingi huendeshwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli ya kati, na siku zote utakazokuwa darasani hutakuwa na timu yako.

Cha pili ni kipato. Mshahara wa mchezaji ukikatika, nyumbani watoto hawaachi kula ili wakusubiri umalize kozi.

Cha tatu ni jinsi wachezaji watakavyokutazama. Jana mlikuwa mnapanda basi moja na kutaniana; leo unamwambia mmoja wao kwamba Jumamosi ataanzia benchi.

Cha nne ndicho ninachokipa uzito kuliko vyote, na ndicho kisichojadiliwa sana: nafasi ya kukosea. Kocha hujifunza kwa kupanga kikosi vibaya, kufanya mabadiliko yaliyochelewa, kusoma mechi kinyume. Hakuna anayevuka hatua hiyo bila kuipitia. Tofauti ni kama makosa hayo utayafanya mbele ya mashabiki waliolipa kiingilio, au mahali ambapo Jumatatu unaruhusiwa kurudi na koni zako ukaendelea na kazi.

Kukabidhiwa timu moja kwa moja

Hii ndiyo inayovutia kuliko zote, na mara nyingi huja bila kuiomba. Timu imefungwa mechi nne, kocha kibarua chake kimeota nyasi, viongozi wamekaa kikao usiku, asubuhi wanakuita nahodha wa zamani: shika timu.

Mfano mzuri kuliko yote ni Kenny Dalglish. Mwaka 1985 Liverpool walimpa timu akiwa bado mchezaji, na msimu wa 1985/86 akatwaa ligi na Kombe la FA kwa pamoja. Bao lililowapa ubingwa wa ligi, ugenini kwa Chelsea, alilifunga yeye mwenyewe. Chelsea nao walijaribu njia hiyo: Ruud Gullit alipewa timu mwaka 1996 akiwa mchezaji, akaleta Kombe la FA 1997, akafukuzwa Februari 1998, na nafasi yake akapewa mchezaji mwingine, Gianluca Vialli.

Lakini tazama na upande wa pili. Vincent Kompany alirudi Anderlecht mwaka 2019 kuwa kocha na mchezaji kwa wakati mmoja. Msimu ulianza vibaya, na haukupita muda akalazimika kumwachia mwingine maamuzi ya siku ya mechi ili yeye abaki na unahodha. Alipoacha kabisa kucheza mwaka 2020 ndipo akawa kocha kamili, na baadaye akaipandisha Burnley na kufika Bayern Munich. Andrea Pirlo alipewa kikosi cha vijana cha Juventus mwishoni mwa Julai 2020, na kabla hajaongoza mechi hata moja akapandishwa timu kubwa, iliyokuwa imetwaa ubingwa mara 9 mfululizo. Alileta Kombe la Italia, lakini akamaliza ligi nafasi ya 4 na akaondolewa. Kwa mtu wa msimu wa kwanza hiyo si rekodi mbaya. Kwa Juventus haikutosha.

Kwa leseni, njia hii ni ngumu kuliko zote. Ligi ya mkoa inaweza kukuvumilia na leseni ya chini, lakini kadiri timu inavyopanda ndivyo masharti yanavyokaza, na ukiwa kocha mkuu huna wiki za kwenda kusoma. Wengi nimewaona wakiipandisha timu, kisha wanakabidhi kazi kwa mwenye cheti kikubwa zaidi. Inauma, kwa sababu jasho lilikuwa lao.

Kipato ni kizuri kikija. Kwenye ndondo na madaraja ya chini, hata hivyo, malipo hutegemea mfadhili mmoja, na mfadhili naye hutegemea matokeo. Kwa wachezaji, heshima unaingia nayo siku ya kwanza kwa sababu wanajua ulichofanya uwanjani. Kuilinda ndiyo kazi. Ukimwacha nje rafiki yako wa miaka kumi na kumpanga kijana wa miaka 19, mtaa mzima utakuwa na maoni, na Mwanga ya Kigoma au Isevya ya Tabora si mahali pa kujificha. Nafasi ya kukosea ni finyu: mechi nne mbaya zilizokuweka wewe ndizo zitakazokuondoa.

Kuna sura moja ya njia hii ambayo naiunga mkono kwa moyo wote: timu ndogo. Alex Ferguson alianza mwaka 1974 na East Stirlingshire, klabu ndogo ya Uskoti, akiwa na miaka 32, miaka 12 kabla ya kufika Manchester United. Timu ya daraja la chini Kasulu au Nzega, yenye uwanja wa vumbi na mipira michache, itakufundisha kupanga mazoezi, kuongea na viongozi na kutuliza wachezaji ambao posho yao imechelewa. Kazi hizo hazitofautiani sana na za juu, ila gharama ya makosa ni ndogo. Hapa kwetu, Juma Mgunda alikuwa mchezaji wa Coastal Union iliyotwaa ubingwa mwaka 1988, akaja kuinoa klabu hiyohiyo ya nyumbani kwao Tanga, akaifikisha fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2022, na Septemba mwaka huo Simba ikamchukua. Hakuanzia Msimbazi kama kocha. Alianzia kwao.

Njia hii inamfaa mtu mwenye mamlaka ya asili, aliyekuwa nahodha kweli na si kwa kitambaa tu, na ambaye ana chanzo kingine cha fedha timu ikivunjika.

Kukaa pembeni ya kocha mzoefu

Msaidizi ndiye mtu asiyeonekana mpaka siku anapohitajika. Yeye ndiye anayejua fulubeki wa kushoto ana maumivu ya nyonga anayoyaficha, yeye ndiye anayesikia manung'uniko ya wasiopangwa kabla hayajafika kwa bosi.

Mikel Arteta aliacha kucheza mwaka 2016, akaenda moja kwa moja kuwa msaidizi wa Pep Guardiola pale Manchester City, akakaa hapo zaidi ya miaka 3. Desemba 2019 akapewa Arsenal, na Agosti 2020 akabeba Kombe la FA. Emerse Faé ana hadithi inayogusa zaidi. Ugonjwa ulimkatiza kucheza mapema, mwaka 2012, akaanza na vijana wa Nice, kisha akawa msaidizi timu ya taifa ya Ivory Coast. Kwenye AFCON iliyochezwa mwanzoni mwa 2024 nyumbani kwao, timu ilifungwa 4-0 na Guinea ya Ikweta, kocha akaondoka, na Faé akaachiwa kikosi katikati ya mashindano. Walimaliza wakiwa mabingwa. Mtu asiyekuwa ndani ya kambi hiyo tangu mwanzo asingeweza.

Kwetu kuna Charles Boniface Mkwasa, aliyekuwa msaidizi Yanga kabla ya kupewa Taifa Stars mwaka 2015. Na kuna Selemani Matola. Alicheza kiungo kwenye Simba iliyoitoa Zamalek mwaka 2003. Kama kocha mkuu aliifikisha Lipuli ya Iringa fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019, kisha akarudi Simba kama msaidizi na kuwaona makocha wa kigeni wakija na kuondoka huku yeye amebaki. Wapo wanaolitazama hilo kama kukwama. Mimi naliona kama elimu ambayo hakuna darasa linaloitoa: kukaa karibu na walimu wa mataifa tofauti, kila mmoja na mazoezi yake, na kuona kipi kinawafaa wachezaji wa Kitanzania na kipi hakiwafai.

Upande wa leseni, msaidizi ana nafuu kubwa. Klabu inaweza kukuachia wiki mbili uende kozi, kwa sababu bosi yupo. Kipato ni kidogo kuliko cha kocha mkuu ila kinaeleweka, mradi klabu yenyewe inalipa. Wachezaji wanakuwa wako kwa urahisi, maana wewe si mwenye neno la mwisho, na hapo ndipo penye mtego: ukiwa rafiki wa kila mtu, siku utakayokuwa bosi hawatakubali. Kukosea unakosea, lakini kimyakimya, mazoezini, na anayebeba lawama hadharani ni mwingine. Upungufu wake upo hapohapo. Unaweza kukaa miaka mitano bila kufanya uamuzi hata mmoja ulio wako peke yako. Thierry Henry alikuwa msaidizi wa timu ya taifa ya Ubelgiji kabla ya kupewa Monaco Oktoba 2018. Januari 2019 alikuwa ameshaondoka. Gary Neville alikuwa msaidizi wa Uingereza, akapewa Valencia Desemba 2015, akadumu miezi isiyofika minne.

Kwa kipa, milango ni mingine kidogo. Juma Kaseja, aliyedaka kwenye mechi ile ya Zamalek, alipoacha aligeukia kuwanoa makipa. Klabu nyingi za mikoani hazina kocha wa makipa wa uhakika, kwa hiyo kipa mstaafu anayejua kufundisha huwa anatafutwa kabla hajatafuta.

Njia ya msaidizi inamfaa mtu mtulivu, anayependa mbinu kuliko jukwaa, na aliye tayari kuhama. Klabu zenye makocha wa kujifunzia kwao katika mikoa hii hazizidi vidole vya mkono mmoja, hivyo uwe tayari kupelekwa Mwanza, Iringa au Dar.

Kuanza na vijana

Njia hii haina picha za magazetini, na kwa maoni yangu ndiyo inayodharauliwa isivyo haki.

Xabi Alonso alicheza Liverpool, Real Madrid na Bayern, akawa bingwa wa dunia na Hispania. Alipoacha alianza na watoto wa chini ya miaka 14 wa Real Madrid mwaka 2018. Baadaye akachukua timu B ya Real Sociedad, akaipandisha daraja mwaka 2021 na ikashuka mwaka uliofuata. Ni watu wangapi wanaokumbuka kushuka huko? Oktoba 2022 Bayer Leverkusen walimwita wakiwa nafasi ya pili kutoka mkiani, na msimu wa 2023/24 wakatwaa ubingwa wa Ujerumani kwa mara ya kwanza katika historia yao, bila kufungwa mechi hata moja ya ligi. Guardiola naye alianza na timu B ya Barcelona mwaka 2007. Aliou Cissé, nahodha wa Senegal ile iliyoifunga Ufaransa mwaka 2002, alipitia timu ya vijana chini ya miaka 23 kabla ya kupewa ya wakubwa mwaka 2015. Alifungwa fainali ya AFCON 2019, wakamwacha aendelee, na Februari 2022 Senegal ikapata kombe lake la kwanza.

Mikoa yetu ina utajiri kwenye upande huu. Tabora ni mji wa shule, na michezo ya UMITASHUMTA (shule za msingi) na UMISSETA (sekondari) kitaifa imewahi kufanyika hapo, ikikusanya vipaji vya nchi nzima. Kocha aliyeko Tabora wakati wa mashindano hayo anaona kwa macho yake kile ambacho wengine hupata kwa kusimuliwa. Kigoma ina watoto wanaocheza mpira kutwa kwenye fukwe za Ziwa Tanganyika, kuanzia Ujiji hadi Kibirizi, na wengi wao hawajawahi kufundishwa hata jinsi ya kupokea mpira kwa mguu wa nyuma.

Leseni ya kuanzia ya D inatosha kukupa uhalali, na kazi ya vijana inakupa muda wa kupanda ngazi taratibu. Kipato ndicho kidonda. Wazazi wachache wana uwezo wa kulipa ada ya kituo, na vituo vingi huendeshwa kwa mapenzi ya mwenyewe. Ndiyo maana wengi wanaofanya vizuri hapa ni walimu wa shule: mshahara unatoka darasani, jioni filimbi inaingia shingoni. Kwa upande wa kutazamwa, mtoto wa miaka 13 huenda hata hajawahi kukuona ukicheza, kwa hiyo unaanza upya na kuthibitisha kwa kazi. Mzazi ndiye mgumu zaidi. Atataka kujua kwa nini mwanaye hapangwi kuliko shabiki yeyote. Lakini nafasi ya kukosea ni pana. Ukipoteza mechi na vijana wako kule Urambo, kesho unawafundisha tena, na kama wamejifunza kitu hujapoteza.

Upungufu mwingine usifichwe. Kufundisha vijana na kuongoza watu wazima wenye familia ni kazi mbili tofauti, na wapo makocha hodari wa vijana ambao hawajawahi kuutawala mpira wa wakubwa. Kama ndoto yako ni Ligi Kuu, kaa kwa vijana ukiwa na mpango wa kutoka.

Inamfaa mwenye subira, anayefurahia kufundisha kwa dhati, na mwenye ajira nyingine.

Kulingana na hali yako

Kama unachezea timu ya jeshi, kwa mfano Mashujaa au Rhino Rangers ya Tabora, na una ajira ndani ya jeshi, wewe una kitu ambacho wengine wanakililia: mshahara usiotegemea matokeo ya Jumamosi. Usiharakie kuwa kocha mkuu. Omba benchi la msaidizi au timu ya vijana ya kikosi chako, na tumia miaka hiyo kupanda leseni mpaka B.

Kama una miaka 34, bado miguu inakubali, na timu ya ligi ya mkoa inakutaka ucheze na ufundishe, kubali kwa sharti moja: awepo mtu wa kukaa benchi mwenye mamlaka ya kufanya mabadiliko ukiwa uwanjani. Kompany alikuwa na wasaidizi wa kulipwa na bado ilimshinda. Mkubaliane pia kwa maandishi lini unaacha kucheza.

Kama jina lako ni kubwa, umecheza Simba, Yanga au Taifa Stars na umerudi nyumbani, utaitwa haraka kuliko ulivyo tayari. Abdallah Kibadeni, aliyefunga mabao 3 Simba ilipoichapa Yanga 6-0 mwaka 1977, alikuja kuifikisha Simba hiyohiyo fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993 akiwa kocha. Kati ya miaka hiyo miwili kuna miaka 16. Kwa hali yako ningechagua timu ndogo kwanza, hata kama marafiki watashangaa.

Kama majeraha yamekutoa ukiwa na miaka 25, usijilinganishe na wastaafu. Una miaka kumi ya ziada juu yao. Anza na vijana sasa, chukua D na C mapema, kisha tafuta usaidizi. Njia ya Faé ndiyo iliyo karibu nawe.

Kama una familia kubwa na huna kazi nyingine, njia ya vijana peke yake itakuumiza, na timu ya mfadhili mmoja pia. Msaidizi kwenye klabu yenye mkataba wa maandishi ni salama zaidi, au unganisha vitu viwili: kibanda chako, bodaboda au shamba asubuhi, vijana jioni.

Na kama wewe ni dada uliyecheza mpira, usisubiri mpaka benchi la wanaume likufungukie. Esther Chabruma aliichezea Twiga Stars, akawa msaidizi wa Serengeti Girls walioshiriki Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 mwaka 2022, na mwaka 2023 akaiongoza JKT Queens kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake. Timu za wasichana mashuleni, Tabora na Kigoma pia, nyingi zinasimamiwa na walimu wasio na leseni yoyote, na mkuu wa shule atafurahi kukupa jioni tatu kwa wiki. Nenda ofisi ya chama cha mpira cha mkoa, kwa Tabora ni TAREFA, uulize kozi ya D itakayofuata inafunguliwa lini, uandikishe jina lako kabla msimu wa michezo ya shule haujaanza.